Kuitafuta Sifuri

Amplifaya iliyoundwa kwa mikono hupimwa kwanza ikiwa kimya. Kabla ya muziki, kabla ya maikrofoni, kabla hata ya kuunganisha spika, fundi huweka mita kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye njia ya kutokea sauti, mweusi kwenye ethi, kisha husoma. Hapo panatakiwa pawe na sifuri. Karibu kila mara sifuri haipo. Mita itaonyesha millivolti 12, au 40, au 90, na pengine volti nzima. Umeme huo unaosimama palepale wakati hakuna sauti yoyote inayoingia ndio tunaouita ofseti ya DC. Miaka yangu ya kuunda na kutengeneza amplifaya kati ya Kibiti na visiwa vya delta ya Rufiji imenifunza kwamba namba hiyo ndogo hueleza hali ya kifaa kuliko jioni nzima ya muziki, na kwamba jinsi fundi anavyoishughulikia hueleza ni fundi wa namna gani.

Karakana nilikojifunza kazi ilikuwa Kibiti, kando ya barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Wateja wa nchi kavu walitoka Bungu, Jaribu na Ikwiriri, kwa basi au bodaboda. Wateja wa delta walifuata maji: boti kutoka vijiji vya upande wa Salale hadi Nyamisati, kisha gari hadi Bungu, kisha Kibiti, amplifaya ikiwa imeviringishwa kwenye nailoni na juu yake khanga. Vyombo vile vilikuwa vya harusi, vya maulidi, vya unyago, vya vikundi vya taarab na kaswida, na baadaye vya singeli. Kila kimoja kilikuwa na tarehe inayokisubiri. Mama mmoja kiongozi wa kikundi cha kina mama alikuwa akiweka chombo mezani na kusema neno moja tu baada ya salamu: "Ijumaa, fundi." Tulijua maana yake. Spika ikiungua Ijumaa hiyo kijijini, duka la kununua nyingine liko siku nzima ya safari.

Mzee aliyenifundisha alianzia kwenye redio za National na Philips. Katika redio nyingi za aina ile, kati ya transista za mwisho na spika kulikaa kapasita kubwa. Kapasita hupitisha sauti, yaani umeme unaopanda na kushuka, na huzuia umeme wa DC uliosimama. Kwa hiyo njia ya kutokea ndani ya redio iliweza kukaa kwenye nusu ya volti za betri bila spika kuguswa. Baadaye watu walitaka sauti kubwa na besi ya kutikisa turubai. Tukaanza kuunda amplifaya za umeme wa pande mbili, upande wa chanya na upande wa hasi, ethi ikiwa katikati. Kwanza kwa 2N3055, kisha kwa jozi za TIP41 na TIP42, kisha kwa 2SC5200 na 2SA1943 ambazo sasa utazikuta kila mahali. Kapasita ya kutokea ikaondoka, besi ikashuka chini vizuri. Lakini ulinzi wake nao ukaondoka. Tangu hapo kila kinachobaki njiani huingia moja kwa moja kwenye koili ya spika.

Hesabu yake si ngumu, na mzee alitaka tuifanye kwa chaki juu ya meza kabla ya kushika pasi ya kuchomelea. Chukua spika ya omu 8. Millivolti 50 za ofseti hupitisha milliampea 6 hivi, na joto lake ni dogo kiasi kwamba koili hailihisi. Volti 1 hupitisha milliampea 125. Koni huanza kukaa pembeni kidogo badala ya katikati. Transista ya mwisho ikifa na kuachia volti 35 zote za chanzo, hesabu ya volti mara volti, gawa kwa omu, inatoa wati 153, na hakuna hata wati moja kati ya hizo iliyo sauti. Zote ni joto. Koili hubabuka, varnishi hunuka, na spika imekwisha. Kwa hiyo karakana yetu iliweka mpaka: millivolti 50 ndiyo ya juu kabisa kuruhusiwa kutoka mlangoni, na kazi safi ni 20 kushuka chini.

Kwa nini tujali hata millivolti ambazo haziunguzi kitu? Mzee alitueleza kwa lugha ya watu waliokulia kando ya maji. Sauti, alisema, ni kujaa na kupwa. Mto una kingo mbili, na kingo za amplifaya ni volti zake za chanya na za hasi. Maji yakianzia katikati, yatapanda na kushuka kwa nafasi sawa. Yakianzia juu ya katikati, bamvua litafurika ukingo mmoja hali ukingo wa pili ungali mkavu. Ndivyo sauti inavyokwaruza upande mmoja kabla ya wakati wake. Ofseti basi hula nafasi ya muziki, na kadiri volti za chanzo zinavyokuwa ndogo, kama kwenye vyombo vya betri, ndivyo inavyokula sehemu kubwa zaidi.

Ofseti huzaliwa mlangoni, pale sauti inapoingilia. Amplifaya nyingi za aina hii huanza na transista mbili zilizoungana emita. Moja husikiliza sauti inayoingia, ya pili husikiliza kile kinachotoka kwenye spika, na kazi yao ni kulinganisha. Zikiwa sawa kabisa, njia ya kutokea hukaa kwenye sifuri. Haziwi sawa. BC547 zenye jina moja huweza kutofautiana sana katika ukuzaji wa mkondo: kundi A huanzia 110, kundi C hufika 800. Isitoshe, volti kati ya besi na emita hupungua kwa takriban millivolti 2 kwa kila nyuzi joto moja inayoongezeka, kwa hiyo transista moja ikikaa karibu na bati la kupoozea na mwenzake akakaa mbali, tofauti ya nyuzi 5 tu huleta millivolti 10.

Kuna chanzo kingine ambacho wengi huruka. Kila besi hunywa mkondo mdogo kupitia rezista yake. Tuseme mikroampea 2. Kama rezista ya upande wa kuingilia ni kiloomu 47, hapo zinapotea millivolti 94. Kama rezista ya upande wa kurudishia sauti ni kiloomu 10, zinapotea millivolti 20. Tofauti, millivolti 74, huonekana yote kwenye spika. Hakuna kilichoharibika, kilichokosekana ni usawa. Ukiweka kiloomu 47 pande zote mbili na kurekebisha rezista nyingine ili ukuzaji ubaki uleule, sehemu kubwa ya namba hiyo huondoka bila kugusa kirekebishio chochote.

Kirekebishio chenyewe, trima, ni volyumu ndogo inayozungushwa kwa bisibisi. Kwenye saketi tulizokuwa tukiunda ilikuwa ya omu 100, imekaa kati ya emita mbili za jozi ile, na mguu wake wa katikati umeungwa kwenye mkondo wa pamoja. Kila emita ikipitisha milliampea 1, trima hiyo huweza kusogeza namba kwa kiasi cha millivolti 100 kwenda upande wowote. Ni kifaa kizuri, na ni kishawishi. Unazungusha, namba inashuka, mita inasoma sifuri, mteja anafurahi. Mzee aliweka sheria ambayo sasa ninawawekea vijana wangu: bisibisi haishikwi mpaka useme kwa mdomo wako ni kwa nini namba iko pale ilipo.

Niliiona sheria hiyo ikifanya kazi kwenye amplifaya moja iliyotoka delta. Ilikuwa nzima, inaimba. Lakini mita ilisoma millivolti zaidi ya 160. Mwanafunzi mwenzangu alikwishainua bisibisi, na trima ingeweza kuficha sehemu kubwa ya tatizo lile. "Ngoja, mwanangu," mzee akasema. Alichukua mswaki uliochakaa na spiriti, akasugua upande wa chini wa bodi kuzunguka transista za mlangoni, akaiacha juani, akapima tena. Namba ilikuwa imeshuka hadi millivolti kumi na kitu. Trima haikuguswa.

Sababu ilikuwa chumvi. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote wa Afrika Mashariki, na hewa yake hubeba unyevu na chumvi mpaka ndani ya makasha. Chumvi hiyo, pamoja na mabaki ya gundi ya risasi ya kuchomelea ambayo hayakusafishwa, hutengeneza njia nyembamba ya umeme juu ya bodi. Tuseme njia hiyo ina megaomu 10, kiasi ambacho mtu angeweza kukiona si kitu. Kutoka kwenye waya wa volti 35 zitapita mikroampea 3.5. Zikifika kwenye rezista ya kiloomu 47 ya mlangoni, zitaacha hapo millivolti 164. Uchafu usioonekana kwa macho uliandika jina lake kwenye mita. Lau tungezungusha trima, tungekuwa tumeipatanisha amplifaya na uchafu wake. Siku ya kiangazi bodi ingekauka, uchafu ungeacha kupitisha umeme, na namba ingerukia upande wa pili.

Tangu siku zile nimekutana na sababu nyingi zilizojificha nyuma ya ofseti. Iliyo mbaya kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kapasita ndogo ya kwenye njia ya kurudishia, ile inayofanya amplifaya ikuze sauti lakini isikuze umeme wa DC. Ikiwa nzima, tofauti ya millivolti 5 mlangoni hubaki millivolti 5 kwenye spika. Ikivuja kwa uzee au kwa joto, amplifaya huanza kuikuza tofauti ile kama inavyokuza sauti. Ukuzaji ukiwa mara 30, millivolti 5 huwa 150. Kapasita hiyo ni ya bei ndogo sana. Anayezungusha trima badala ya kuibadilisha anaiacha iendelee kuoza, na itakapokufa kabisa trima haitakuwa na uwezo wa kuizuia.

Baada ya sababu kujulikana na kuondolewa, ndipo trima hupewa kazi yake halali: kumaliza tofauti ndogo ambayo hakuna kosa nyuma yake. Utaratibu tulioufuata ni huu. Jozi ya mlangoni huchaguliwa kwa mita yenye tundu la kupimia transista, kisha transista hizo huunganishwa uso kwa uso kwa gundi au kufungwa pamoja ili zipate joto kwa pamoja. Umeme huwashwa mara ya kwanza kupitia balbu ya zamani ya wati 60 au 100 iliyoungwa kwa mfululizo, ili kosa kubwa liwake kwenye balbu badala ya kuunguza transista. Njia ya kuingilia huunganishwa na ethi ili kimya kiwe kimya kweli. Mkondo wa kusubiri wa transista za mwisho hurekebishwa kwanza, kwa trima yake nyingine, na hapa umakini unahitajika kwa sababu anayezungusha trima hiyo akidhani ni ya ofseti huweza kuchemsha transista zote. Kisha kifaa huachwa kipate moto. Ofseti hupimwa kikiwa baridi, hupimwa kikiwa moto, na trima huwekwa kwenye hali ya moto, maana huko ndiko kitakakofanyia kazi usiku kucha.

Kwa muda mrefu nilidhani utaratibu huo unakamilika juu ya meza. Delta iliongeza sura nyingine. Tulipoanza kuitwa kufunga vyombo hukohuko vijijini, nilichukua mita kama kawaida, na nikaona namba zilizowekwa Kibiti hazikuwa zilezile tulipowasha kwenye banda la makuti kando ya mkondo wa maji. Zilikuwa zimesogea kwa millivolti kadhaa, mara nyingine kwa makumi. Joto lilikuwa jingine, unyevu ulikuwa mwingine, na chanzo cha umeme kilikuwa kingine kabisa.

Hiki cha mwisho kinastahili maelezo. Nyumba na vikundi tulivyovihudumia vilitumia sola na betri za volti 12. Ili kupata pande mbili za umeme bila inveta, tuliunga betri mbili kwa mfululizo na kuchukua kiungo cha kati kuwa ethi. Hiyo ni njia safi, haina mvumo wa transifoma. Lakini betri mbili hazizeeki kwa mwendo mmoja. Moja hufika volti 12.6, nyingine 11.5, na mkondo unaolisha jozi ya mlangoni, kama umechukuliwa kutoka upande mmoja kwa rezista tupu, hubadilika pamoja na betri hiyo. Namba husogea. Dawa yake ya kudumu ni kuilisha jozi ile kwa chanzo cha mkondo kisichobadilika, transista moja na diodi mbili, kitu kidogo ambacho tangu wakati huo sijakiacha kwenye bodi yoyote ninayoiunda kwa ajili ya delta. Na kwa mwenye betri moja tu, anayelazimika kutengeneza ethi ya bandia katikati ya volti 12 kwa rezista mbili, sifuri yenyewe ni ya kutengenezwa: ukiivuta kwa mkondo mkubwa inasogea. Huko heri kurudisha kapasita ya kutokea kama ya redio ya zamani na kuiacha spika ilale salama.

Hapo ndipo nilipolipata jambo ambalo naliamini kuliko mengine yote niliyojifunza katika kazi hii. Sifuri hutafutwa mahali kifaa kinapoishi. Meza ya fundi ni mahali pa kujulia sababu. Kijijini ni mahali pa kuthibitisha. Fundi anayekabidhi chombo mlangoni na kuhesabu kazi imekwisha amekipima katika maisha ambayo chombo hicho hakitaishi.

Nililielewa zaidi nilipokutana na vinanda. Kijana mmoja wa delta, mpiga kinanda wa kikundi cha taarab, alikuja na ndoto ya kuunda kinanda chake mwenyewe cha analojia, kwa transista na IC, kila sauti ikitengenezwa na saketi aliyoichomelea kwa mkono. Nilikubali kumsaidia, na kwa miezi mingi meza yetu ilijaa bodi zake. Nilikuwa nimezoea ofseti inayounguza. Yeye alinionyesha ofseti inayopotosha sauti.

Katika vinanda vingi vya aina hiyo, kwa kanuni ambayo Robert Moog aliieneza tangu miaka ya 1960, sauti huamuliwa na volti: ukiongeza volti 1, sauti hupanda oktavu moja. Oktavu ina nusu-toni 12, kwa hiyo kila nusu-toni ni millivolti 83 na kidogo. Fikiria sasa ofseti ya millivolti 10, ambayo kwenye amplifaya ya harusi ningeipitisha bila kufikiri mara mbili. Kwenye njia ya kuamulia sauti ni karibu sehemu ya nane ya nusu-toni. Mtu aliyekulia kwenye taarab, aliyezoea fidla na sauti ya mwimbaji vikikaa mahali pake hasa, husikia hilo mara moja. Kijana yule alikuwa akilisikia kabla mita yangu haijatulia.

Na huko kapasita haina msaada. Kwenye njia ya sauti unaweza kuweka kapasita ya mikrofaradi 1 mbele ya kiloomu 100. Itazuia DC na kupitisha kila kinachozidi hezi 2, yaani muziki wote. Lakini volti inayoamua sauti ipi ipigwe yenyewe ni DC. Ukiizuia ofseti umeizuia na nota. Kwa hiyo kila hatua lazima irekebishwe yenyewe. IC ya 741, iliyotolewa na Fairchild mwaka 1968, ina miguu miwili, wa 1 na wa 5, iliyotengwa kwa kazi hiyo: trima ya kiloomu 10 katikati yake, mguu wa kati kwenda upande wa hasi. TL072 tuliyoipenda kwa sauti yake safi imebeba amplifaya mbili kwenye miguu 8, haikubakiza mguu wa kurekebishia, na ofseti yake inaweza kufika millivolti 10. Hapo tulilazimika kupenyeza volti ndogo kutoka nje kupitia rezista kubwa, na kuzungusha polepole huku yeye akisikiliza.

Sehemu iliyotushikilia zaidi ilikuwa amplifaya ya ndani ya kinanda, ile ambayo ukuzaji wake huongozwa na volti: ukibonyeza kibonyezo hufunguka, ukiachia hujifunga. Tulitumia LM13700. Ikiwa mlango wake wa kuingilia una ofseti, kila inapofunguka na kujifunga ofseti hiyo hukuzwa na kupunguzwa pamoja na sauti, na msikilizaji husikia kishindo chini ya kila nota. Tulichofanya ni kuondoa sauti kabisa, tukaacha volti ya kuongozea ifungue na kufunga kwa haraka bila kitu ndani yake. Kilichosikika kwenye spika kilikuwa vishindo vitupu, kimoja baada ya kingine. Kijana alishika trima. Vishindo vikapungua, vikaisha, akapitiliza vikarudi kwa upande wa pili, akarudisha nyuma hadi palipotulia. Alirudia kazi hiyo kinanda kikiwa moto, na akairudia tena kijijini kwao, kwa betri zake, katika chumba ambamo kikundi hufanyia mazoezi. Sikumwambia arudie. Alikwisha kujua kwa masikio yake kwamba sifuri ya Kibiti haikuwa ya kwao.

Watu hunieleza mara kwa mara kwamba kazi ya namna hii imepitwa na wakati, kwamba simu moja ina vinanda elfu ndani yake. Naheshimu simu, na singeli yenyewe imezaliwa kwenye kompyuta. Lakini muziki wa mikono hii una nafasi yake duniani. Kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi, lilikuza likembe zake (marimba ya vidole) kwa maikrofoni zilizotengenezwa kwa sumaku za vipuri vya magari kuukuu, na rekodi yao ya Congotronics ikasikilizwa mbali sana na Kongo. Kelele na mkwaruzo vilikuwa sehemu ya sauti yao, nao wakavifanya vyao. Hapo ndipo ninapoweka tofauti. Mkwaruzo ulioutaka ni muziki. Ofseti usiyoijua si uamuzi wako. Ni saketi inayokuamulia.

Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilipigwa na mafuriko makubwa. Mashamba ya mpunga yalizama, familia zilihama, na maji yalipopungua vyombo vilianza kufika karakana vikiwa na tope hadi ndani ya transifoma. Kila fundi wa eneo lile anakumbuka meza yake ilivyokuwa. Tulivifungua, tukaviosha kwa maji safi kwanza, kisha kwa spiriti, tukavikausha kwa siku nyingi bila kuviwasha, tukabadilisha kapasita zilizovimba. Nilichokiona kwenye kazi ile ni kwamba ofseti ilikuwa kipimo cha ukavu. Bodi iliyoonekana safi ilisoma millivolti 90 asubuhi, 60 mchana, 25 siku iliyofuata. Namba ilipoacha kusogea, tulijua unyevu umeisha. Wenye vyombo walikuwa na haraka, nao walikuwa na haki ya kuwa na haraka, kwa sababu walikuwa wamepoteza mengi na muziki ulikuwa mmoja wa njia za kukusanya watu tena. Lakini kuzungusha trima kwenye bodi ambayo bado inakauka kungekuwa kuwauzia sifuri ya siku moja. Tuliwaeleza, tukawaonyesha mita, na wengi walikubali kusubiri walipoona namba yenyewe ikitembea.

Nafikiri mafunzo haya hayaishii kwenye saketi. Vijana wanaofika kujifunza kazi nao huja na namba zao: mmoja anachelewa, mwingine hasemi, mwingine ana hasira ya karibu. Ni rahisi kushika bisibisi. Mzee wetu hakuwahi kumkemea mwanafunzi kabla ya kujua usiku ule alilala wapi na alikula nini, na karakana yake ilitoa mafundi walio hai kazini hadi leo. Alitumia kanuni ileile: jua sababu, iondoe kama inaondoka, kisha urekebishe kidogo kilichobaki.

Kwa hiyo nina ombi kwa mafundi wenzangu, walio karakana za barabarani na wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA. Kila amplifaya unayoiunda au kuitengeneza, bandika karatasi ndani ya mfuniko. Andika tarehe, volti za pande mbili, ofseti ikiwa baridi, ofseti ikiwa moto, na mahali ulipopimia. Ukiizungusha trima, andika sababu. Fundi atakayeifungua baada yako, Mafia au Utete au Dar es Salaam, atasoma na kujua kama namba imesogea au imekaa, na kama imesogea, ataanza kutafuta sababu palepale ulipoishia wewe. Karatasi hiyo haina gharama, na mwenye chombo anayesubiri harusi yake ataulipia ujuzi wa mafundi wawili kwa bei ya mmoja.